Maswali na Majibu: Shimo la Lami Huanzia Mtaroni

SWALI: Barabara ya mtaa wetu Mbagala inaingia Barabara ya Kilwa, na shimo liko palepale zinapokutana. Tumwone nani?

JIBU: Anzeni TANROADS, wakala wa barabara Tanzania. Barabara ya Kilwa ni barabara kuu, na TANROADS, iliyo chini ya wizara ya ujenzi, ndiyo yenye dhamana ya barabara kuu na zile za mkoa, yaani zinazounganisha makao makuu ya mkoa na ya wilaya. Barabara yenu ya mtaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ila hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa ajili yake, ni mita 30 kila upande kuanzia katikati, kwa hiyo mdomo wa barabara yenu umo ndani yake.

Barua ipite kwa mwenyekiti wa mtaa. Andikeni kituo cha daladala kilicho karibu, upande wa kwenda au kutoka mjini, urefu, upana na kina cha shimo kwa sentimita. Pigeni picha mbili, moja wakati wa mvua na nyingine pakiwa pakavu. Ile ya mvua ina thamani kuliko maneno yote, maana inaonyesha maji yanatokea wapi.

SWALI: Vijana wetu hujaza shimo kwa kifusi, wakati mwingine zege. Mafundi nao wakija huweka lami. Yote hufumuka masika. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu maji hayajaondolewa. Lami ni ngozi tu. Uzito wa gari hubebwa na tabaka za kokoto na moramu (udongo wa changarawe) zilizo chini yake. Mtaro ukiziba, maji husimama pembeni na kupenya kwenye nyufa. Tabaka likilowa hulegea, na kila tairi likikanyaga husukuma maji juu pamoja na udongo laini. Ukiona tope jepesi la rangi ya chai ya maziwa likitoka kwenye ufa, jua tabaka la chini limeanza kuliwa hata kama shimo bado halijaonekana. Lori lililozidisha mzigo humalizia kazi: ekseli ya tani 12 huharibu barabara takriban mara mbili ya ile ya tani 10.

Kifusi hunywa maji na kutawanywa na matairi. Zege nalo ni gumu kuliko lami inayolizunguka, hivyo halinepi pamoja nayo. Ufa hufunguka kwenye ukingo na shimo jipya huanzia hapo. Tunaelewa uchungu wa kuona bodaboda zikianguka kila jioni, lakini msiweke zege.

Kiraka cha kudumu huanza kwa kuzibua mtaro na kalavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara. Kisha fundi huchora mstatili unaoingia sentimita 10 hivi kwenye lami nzima, na kukata kingo ziwe wima. Kingo zilizolala hufanya lami mpya iishie nyembamba kama chapati, ikabanduka. Tope lote hutolewa hadi kwenye tabaka gumu na kavu. Kokoto zilizosagwa hurudishwa kwa matabaka yasiyozidi sentimita 10, kila moja likishindiliwa kwa mashine, si kwa tairi la lori.

Baada ya hapo hupakwa lami ya maji, yaani lami iliyochanganywa na maji, chini na kwenye kingo. Hapa ndipo wengi huharakisha. Ikimwagwa huwa ya kahawia. Isubiriwe igeuke nyeusi, ndiyo dalili kwamba maji yameachana na lami. Ukiweka mchanganyiko wa lami na kokoto juu yake ikiwa bado ya kahawia, haushiki. Lami hushindiliwa kuanzia kingoni kuelekea katikati, na iachwe imeinuka kama nusu sentimita, kwa kuwa magari yataishindilia zaidi.

Msimu mzuri wa kazi hii ni Juni hadi Septemba, kabla ya vuli.

SWALI: Nyumba yangu imepigwa X ya kijani, ya jirani nyekundu. Tofauti ni nini?

JIBU: X ni alama ya nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara. Kijani ni kwa aliyefuatwa na barabara, yaani alijenga kabla eneo halijawa hifadhi, hasa hifadhi ilipoongezwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007, anastahili fidia. Nyekundu ni kwa aliyeifuata barabara, yaani alijenga ndani ya hifadhi iliyokwishakuwapo, naye hana fidia. Tunza hati na ushahidi wa mwaka uliojenga, na usiongeze hata chumba kimoja kabla ya uthamini.