Kikokotoo cha BMI kinamnyamazia mamangu

SWALI: Habari fundi. Nasomea kompyuta hapa Umoja na nimeandika kaprogramu kwa Python ka kukokotoa BMI, ile namba ya kulinganisha uzito wa mtu na urefu wake. Mwanzo nilikuwa naingiza kilo 68 na urefu 171 inaniletea 0.0023, sasa huyo ni mtu ama siafu? Beste yangu akaniambia nigawe urefu kwa 100, ikakubali, 23.3. Lakini mamangu tulimpima kwa wale majamaa wa mizani pale tao, kilo 72, urefu wake 170, nikiingiza haisemi kitu, inanyamaza tu bila kulalamika. Nimeweka chini ya 18.5 mwembamba, 18.5 mpaka 24.9 sawa, 25 mpaka 29.9 mzito, 30 kwenda juu mnene. Shida iko wapi?

JIBU: Beste yako yuko sawa, fomyula inataka mita. Sasa ya mama: 72 gawa kwa (1.7 mara 1.7) ni 24.913, yaani 24.9 ashaipita na 25 hajafika, ameanguka katikati ya masharti yako na Python haioni kosa lolote kwa sababu hukuiambia mtu wa hapo afanywe nini. Hizo namba za Shirika la Afya Duniani huandikwa hivyo kwa jedwali la kusomwa na watu, ukizinakili vile zilivyo ndo unapata hii. Weka mpaka wa juu pekee, ukipanda, na chini ya kila mstari uandike kundi lake kwa zamu, mwembamba, sawa, mzito, mnene:

if bmi < 18.5:
elif bmi < 25:
elif bmi < 30:
else:

Hapo hakuna anayeponyoka, ila usigeuze mpangilio, ukianza na 30 hata mwembamba ataitwa mzito. Desimali punguza wakati wa kuprinti tu, maanake 24.96 ukiipunguza mapema inakuwa 25.0 na mtu wa watu amehamishwa kundi bure. Na kuna mtu lazima ataandika 1.7 badala ya 170, programu yako itampa BMI ya 249,135, kwa hivyo urefu ukiwa chini ya 3 ichukue kama mita.

Mama yuko sawa, mwambie. Halafu hio "mnene" tafuta neno la heshima kidogo, Mbelgiji Quetelet aliyeanzisha hesabu hii miaka ya 1830 alikuwa anatafuta wastani wa watu wengi, hakuwa anapima mgonjwa. Watoto na vijana wana chati zao za umri na jinsia, kwa hivyo uliza miaka kwanza, na akiwa chini ya 20 mpe namba bila kundi.