Mama anatembea, lakini bado anavalishwa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia. Mama yake alipata kiharusi mwezi wa Ramadhani, akalazwa, akaruhusiwa, na sasa anatembea kwa mkongojo hadi mlangoni. "Tunamshukuru Mungu amepona," aliandika, "ila hafanyi chochote. Anakaa kwenye kochi tu, tunamlisha, tunamwogesha, tunamvalisha. Akili yake iko sawa. Huu ni uvivu au ni ugonjwa?"

Ujumbe ule ulinichoma. Dada yangu mwenyewe aliwahi kuuliza hivyo hivyo sebuleni kwetu Tanga, na mama amekaa pale pale anasikia.

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo. Nilisomea KCMC, Moshi, na hadi leo ndugu zangu wengi wanadhani nilikwenda kujifunza kukanda watu. Kazi yetu ni hii: mtu akiugua au akiumia, tunatazama shughuli gani za siku yake zimemshinda, kuanzia kuoga, kuvaa, kula na kwenda chooni mpaka kupika, kuswali na kufanya biashara. Kisha tunatafuta namna ya kumrudishia. Pengine mwili unazoezwa, pengine tunabadilisha namna ya kufanya, pengine tunabadilisha chombo au mahali. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo wake wa kueleza ulemavu, na ndani yake mwili ulioathirika umetajwa pamoja na shughuli anazoshindwa mtu na maisha ya wenzake ambayo hashiriki tena. Familia nyingi huishia kwenye mwili. Mguu umenyanyuka, basi, amepona.

Mama yangu amekaanga vitumbua barazani tangu sijazaliwa. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Kiharusi kilimpiga ubongo upande wa kulia, na kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kushoto, kushoto kote kukalegea. Hospitali tuliyompeleka walituambia "mfanyieni mazoezi," wakatuandikia dawa za presha, tukarudi nyumbani. Mguu ulianza kurudi mapema. Mkono ukabaki unaning'inia.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyetuambia tulitazame. Mama alikula wali wa upande wa kulia wa sahani, akasema ameshiba, na wa kushoto umebaki vile vile na mboga yake. Alichana nywele nusu. Akipita mlangoni, bega la kushoto linagonga fremu. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, ila ubongo ulikuwa umeacha kuushughulikia upande wa kushoto, kana kwamba haupo. Mimi niliijua hali hiyo kwa kuisoma na kuiona wodini. Shangazi zangu walisema kashaanza kuchanganyikiwa. Mmoja akataka apelekwe kwa mganga.

Nyumba yetu ina wanawake wengi na wote wanampenda mama. Kabla hajanyoosha mkono, tonge limeshafika mdomoni. Kabla hajafikiria gauni, ameshavikwa. Nikasema: mwacheni ale mwenyewe. Chini ya sahani nikatandika kitambaa kibichi ili isiteleze, kwa sababu mkono mmoja ukichota, hakuna wa pili wa kushikilia. Nikamfundisha kuvaa: mkono dhaifu unaingia kwanza, mzima unafuata, wakati wa kuvua, mzima unatangulia, dhaifu mwisho. Kanga ya kujifunga tukaiweka kando kwa muda, akavaa madera. Chooni tukaweka kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, maana kuchuchumaa kulimshinda. Asubuhi zikawa ndefu mno. Chai ilipoa akiwa bado anahangaika na mkono wa dera, na mimi nimesimama kando, sigusi.

Mama mdogo hakulivumilia hilo. Kwenye kikao cha familia, watu wamejaa, akasema: "Huyu kasomea kutesa wazazi." Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Neno lile ninalo mpaka leo, na sitajifanya limetoka.

Siku moja nikamwashia mama jiko. Kigoda chake nilikiondoa, kwa kuwa akikaa chini kiasi kile hawezi kunyanyuka; nikampa kiti cha kawaida na jiko nikalipandisha juu ya matofali. Mkono wa kushoto tuliuweka mapajani, mbali na moto, kwa sababu ulikuwa hausikii joto na mtu wa namna hiyo huungua bila kujua. Akachota uji wa mchele kwa upawa. Akajaza matundu ya kulia ya kile chuma, akatulia akisubiri viive, na matundu ya kushoto mafuta yanafuka moshi. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa kushoto. "Anzia kwenye nyekundu, mama." Kila mzunguko, anzia kwenye nyekundu. Ilichukua muda mrefu mpaka akaacha kukumbushwa.

Leo mama anauza tena. Si wingi wa zamani, moto anawashiwa na mdogo wangu, na mkono wa kushoto sasa unaweza kutuliza bakuli. Lakini wateja wanamwita jina lake, anawadai, anagombana nao bei. Mama mdogo hutuma mtoto kununua kila asubuhi. Hajaniambia kitu.

Kwa hiyo, dada yangu wa Morogoro, na wote mnaouguza: usiniambie mama anatembea, niambie anafanya nini. Kuna kipimo kinaitwa Barthel, cha mwaka 1965, chenye vipengele 10 na alama 100, kinachouliza kula, kuoga, kuvaa, choo, kupanda ngazi na kadhalika. Ni kizuri na ninakitumia. Ila waliokitunga walisema wenyewe kwamba mwenye alama 100 anaweza asiweze kupika wala kuishi peke yake. Kama mwenye alama zote bado ana safari, wa kwenu anayelishwa kochini mnasemaje amepona?

Mwacheni afanye. Mpeni muda, kaeni karibu asianguke, lakini mwacheni afanye. Mkono uliolegea msiuvute mnapomnyanyua, bega linaweza kuchomoka au likabaki na maumivu ya muda mrefu; shikeni kiunoni. Anzeni na kitu kimoja anachokipenda, si orodha. Anachoka haraka kwa sababu ubongo umeumia, kwa hiyo kazi nzito iwe asubuhi na mapumziko yawepo katikati. Akiwa mnyonge, halii wala hacheki, semeni kliniki, kwani huzuni kubwa baada ya kiharusi ni ya kawaida na ina tiba. Na mkirudi hospitali ya rufaa ya mkoa, msiridhike na neno "mazoezi". Ulizeni kwa jina: mtoa tiba kwa vitendo yupo? Kama hayupo, ulizeni aliye karibu yuko wapi.

Uvivu, dada, uondoe kwenye ile sentensi. Mtu aliyelea watoto na kuamka alfajiri miaka yote hageuki mvivu kwa usiku mmoja. Mamlaka juu ya mwili wake yamechukuliwa na ugonjwa, na yaliyobaki mnayachukua ninyi kwa mapenzi yenu.

Hukuniambia alipooza upande gani. Kesho mwekee sahani yake, usimlishe, tazama anaacha wapi, kisha niandikie. Na uniambie kabla ya ugonjwa asubuhi yake ilianza na kazi gani.