Mwanza maji huchemka kwa nyuzi 96: ushauri kwa anayeanza vitendo vya sayansi

Ukichemsha maji hapa Mwanza, ukatumbukiza kipimajoto kizima na kusubiri, kitasimama karibu na nyuzi 96. Hata ukichochea moto, hakipandi tena. Wengi wanaoanza huiona namba hiyo kwa macho yao wenyewe, wakaitilia shaka, kisha wakaandika 100 kwenye daftari kwa sababu kitabu kimesema 100. Mdogo wetu, tunaomba usianze hivyo.

Kitabu hakijakosea. Nyuzi 100 ni za usawa wa bahari. Dar es Salaam au Tanga utazipata. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu. Kanieneo yake, yaani jinsi inavyokandamiza kila eneo, ni kiasi cha kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kulingana na hewa inayoyakandamiza, na hewa ikikandamiza kidogo, joto la kutosha hupatikana mapema. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 unazopanda hupunguza nyuzi 1. Gawanya 1,134 kwa 300 uone: karibu 4. Kwa hiyo 96 yako ni jibu sahihi lenye sababu, na ukiandika 100 umeifuta sababu hiyo.

Ila kabla ya kuiamini 96 hakikisha chombo chako hakidanganyi. Kipimajoto cha shule kimepita mikono mingi. Nunua barafu safi, si ile iliyokwisha kugusana na samaki au chumvi, maana chumvi hushusha joto chini ya sifuri. Iponde hadi iwe vipande vidogo kama punje za mahindi, ijaze kwenye kikombe, mimina maji kidogo yajaze nafasi tu, koroga, subiri dakika 3. Kipimajoto kizima kitasoma 0, na hapa mwinuko wa Mwanza haubadilishi kitu cha kuonekana. Kikisoma 1, basi kimezidisha 1. Andika hivyo juu ya ukurasa na upunguze 1 kwenye usomaji wako. Ukichukua maji baridi ya friji ukayaita barafu, utapata 4 au 6 na utakilaumu kipimajoto bure.

Wakati wa kuchemsha, kosa la kawaida ni kuiacha tungi ya kipimajoto (ncha yake ya chini yenye kimiminika) iguse kitako cha sufuria. Chuma cha chini kina joto kuliko maji yenyewe, hivyo namba itapanda. Ining'inize katikati ya maji, kwa uzi au kibano, sentimita 2 au 3 kutoka chini. Mapovu madogo yanayoanza kujitokeza kwenye nyuzi 50 au 60 ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, bado hujafika. Subiri mapovu makubwa yanayotoka chini hadi juu bila kukoma, kisha soma kila nusu dakika. Namba nne mfululizo zikifanana, hapo ndipo pa kuandika. Na kama mtu atakuambia kijiko cha chumvi kitabadilisha namba hiyo, fanya hesabu kwanza: gramu 6 kwenye lita moja zinaongeza kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kipimajoto chenye alama za nyuzi moja moja hakiwezi kukuonyesha hilo.

Bika (chombo cha kioo cha maabara) iliyotoka motoni inafanana kabisa na bika baridi. Sogeza mgongo wa mkono karibu nayo kabla ya kuishika.

Tukija kwenye densiti, yaani tungamo ukiigawanya kwa ujazo, jiji letu limekaa juu ya somo lenyewe. Miamba ya Mwanza, pamoja na Jiwe la Bismarck lililosimama majini, ni ya matale (graniti), na kokoto zinazogongwa mitaani ni matale hayo hayo. Densiti yake hukaa karibu na gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Kuipata unahitaji vitu viwili tu: tungamo na ujazo. (Tungamo ndiyo ile mizani inayoisoma kwa gramu. Uzito ni kani, yaani nguvu ya kuvuta, hupimwa kwa nyutoni. Sokoni tunavichanganya na hakuna ubaya, lakini kwenye daftari vitenganishe tangu siku ya kwanza.)

Pima tungamo kokoto zikiwa kavu, kabla hazijaingia majini. Anayegeuza utaratibu huu anapima na maji yaliyong'ang'ania kwenye nyufa. Kisha weka maji kwenye silinda ya kupimia ya sentimita za ujazo 100, tuseme hadi 50. Uso wa maji kwenye kioo hubonyea katikati na kupanda pembeni. Soma chini ya huo mbonyeo, jicho likiwa usawa wake. Inama wewe; usiinue silinda mkononi, kwa sababu mkono hauwezi kuishika wima. Jicho likiwa juu utasoma namba kubwa kuliko ilivyo, likiwa chini utasoma ndogo. Silinda ya plastiki mara nyingi haionyeshi mbonyeo, basi soma uso ulivyo. Lalisha silinda kidogo na uteremshe kokoto moja moja zikiteleza ubavuni. Ukiziangusha silinda ikiwa wima, utapasua kitako, au maji yatarukia juu na kubaki kwenye kuta, na ujazo wako utapungua bila wewe kujua. Gongagonga silinda kwa kidole ili mapovu yaliyonasa kati ya kokoto yatoke. Povu likibaki linahesabiwa kama jiwe.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema. Silinda yenye alama za sentimita ya ujazo moja moja unaweza kuisoma kwa uhakika wa nusu alama. Umeisoma mara mbili, kabla na baada, kwa hiyo ujazo wako unaweza kupotoka kwa 1 nzima. Chukua kokoto moja yenye gramu 10.8, ujazo wake halisi ukiwa 4. Ukisoma 3 utapata densiti 3.6, ukisoma 5 utapata 2.16. Jiwe ni lile lile, na majibu hayo mawili hayajuani. Chukua badala yake kokoto kumi zenye jumla ya gramu 108 na ujazo wa 40. Ukikosea kwa kiasi kile kile, ukasoma 39 au 41, utapata 2.77 au 2.63. Silinda haikubadilika wala jicho lako halikunolewa; umeongeza kiasi tu cha kitu unachopima, na kosa limemezwa. Ndiyo maana mwalimu akikupa kijiwe kimoja kama jino, omba vingine.

Asiye na silinda atumie bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Mililita 1 ni sawa na sentimita ya ujazo 1. Jaza kopo maji kwa bomba hadi alama uliyochora ukihesabu mililita, toa maji, weka kokoto, halafu hesabu ni maji kiasi gani unayarudisha kwa bomba kufikia alama ile ile. Tofauti na maji ya mwanzo ndiyo ujazo wa kokoto. Kopo liwe jembamba, kwa sababu kwenye kopo pana alama ikipanda unene wa wino tu, mililita kadhaa zimepotea.

Ukimaliza kokoto, pima kipande cha sufuria kuukuu ya alumini kwa njia hiyo hiyo. Utapata karibu 2.7 tena. Usishtuke na usirudie jaribio ukitafuta tofauti: matale na alumini zina densiti zinazokaribiana sana. Densiti peke yake haikutambulishi maada. Sumaku nayo haitakusaidia, haivuti alumini na matale kwa kawaida haiyavuti. Unganisha betri, balbu ndogo na nyaya mbili, gusisha ncha: alumini itawasha balbu, jiwe halitawasha. Gonga kwa nyundo: moja litapasuka, kingine kitabonyea. Sifa tatu zikikubaliana, ndipo utaje jina.

Kuhusu yabisi, vimiminika na gesi tutasema machache, kwani vitabu vinatosha. Fanya hili moja: tia kipande cha barafu kwenye glasi ya mafuta ya alizeti. Barafu ina densiti ya 0.917 na mafuta ni karibu 0.92, kwa hiyo itaelea kwa taabu, imezama karibu yote. Tazama chini yake inapoanza kuyeyuka. Tone la maji hukua, huning'inia, hujikata, kisha hushuka polepole hadi chini. Ni kitu kile kile: kikiwa yabisi kimekaa juu ya mafuta, kikiwa kimiminika kimezama.

Hayo yote ni kupima. Jaribio la kisayansi lenyewe huanza na swali linaloweza kujibiwa na mizani, na ufukweni maswali hayo ni mengi. Tuchukue moja: dagaa hukauka upesi zaidi mchangani au kwenye kichanja?

Nadharia tete yako, yaani jibu unalolikisia kabla ya kupima, iandike kwa namna ambayo inaweza kushindwa. "Kichanja ni bora" haishindwi na chochote. "Baada ya saa 4 za jua, dagaa wa kichanjani watakuwa wamepoteza gramu nyingi kuliko wa mchangani, kwa sababu upepo unawapitia juu na chini" inaweza kushindwa, kwa hiyo inafaa. Kitu unachobadilisha ni kimoja tu, mahali pa kuanika. Unachopima ni tungamo. Vingine vyote vishikilie: dagaa wa mtumbwi mmoja, wa usiku mmoja, gramu 300 kila upande, wametandazwa tabaka moja kwenye fremu za sentimita 60 kwa 60, wameanikwa dakika ile ile. Panga siku mapema, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wabichi huadimika.

Usianike mchangani Jumatatu na kichanjani Jumanne. Upepo wa ziwani hauvumi sawa kila siku, na hata ndani ya siku moja asubuhi na alasiri ni tofauti. Ukitenganisha siku, utakuwa umepima hali ya hewa.

Kuna mtego hapa ambao hauonekani mpaka umeshika mizani. Dagaa mbichi ana ute, na mchanga humng'ang'ania. Kila saa unapopima, upande wa mchangani unapoteza maji na kubeba mchanga kwa pamoja, na mizani haijui tofauti. Utaandika kwamba wamekauka polepole, kumbe umepima mchanga. Kuwapangusa kwa brashi hakusaidii sana, kunawavunja vichwa na kupunguza gramu kwa njia nyingine. Tandaza wavu mwembamba wa dagaa chini yao pande zote mbili, mchangani na kichanjani, ili wavu usiwe tofauti ya pili. Pima fremu na wavu wake vikiwa vitupu, kung'uta chini ya wavu kabla ya kila kipimo, kisha toa gramu za fremu na wavu kwenye kila usomaji. Anza saa 3 asubuhi, pima kila saa hadi saa 10. Wakikauka vizuri, zile gramu 300 zitabaki chini ya 120. Rudia siku 3 tofauti. Ikitokea siku moja mchanga ukashinda, iandike hivyo hivyo na uandike na hali ya upepo wa siku hiyo.

Daftari liandikwe kwa peni. Ukikosea piga mstari mmoja juu ya namba, ibaki inasomeka, kisha andika mpya pembeni. Namba iliyofutwa mara nyingi ndiyo utakayoihitaji kesho. Usiandike kwanza kwenye karatasi ya pembeni ili uje unakili kwa mwandiko mzuri, kwani hapo ndipo 96 inapogeuka 100.

La mwisho ni maji ya ziwa yenyewe. Ukienda kuchukua sampuli usiingie majini kwa miguu mitupu. Kichocho huingia kupitia ngozi. Simama kwenye jiwe au gati, teremsha ndoo kwa kamba, vaa glavu. Chuja kwa karatasi ya kuchujia, kisha kausha sentimita za ujazo 100 kwenye kibakuli ulichokipima kikiwa kitupu. Mizani ya shule yenye kusoma sehemu ya kumi ya gramu itakuambia kibakuli hakikuongezeka kitu. Usiandike "maji ya ziwa hayana chumvichumvi". Andika "hazikufikia gramu 0.1". Ziwa letu ni la maji baridi, lita nzima ina chini ya sehemu ya kumi ya gramu ya vitu vilivyoyeyuka, kwa hiyo kwenye kibakuli chako kilikuwamo kisichofika gramu 0.01. Ukitaka kukiona, chuja lita 5, punguza kwa moto kwenye sufuria safi hadi ibaki kama kikombe, hamishia kwenye kibakuli kidogo kidogo, suuza sufuria kwa maji ya mvua na umimine na hayo, kisha maliza kwa moto mdogo ili yasiruke. Ukoko mweupe utakaobaki chini ndio uliokuwa unautafuta, na sasa mizani ina kitu cha kusoma.