Ukitaka kukopi solo la rumba, kwanza jua magitaa ni mangapi

Vijana wanaoanza gitaa huniuliza sana: "Kaka, noti za wimbo huu nazipata wapi?" Kama ni wimbo wa dansi au rumba ya Kongo, huwajibu kwamba zimo ndani ya rekodi yenyewe. Nyimbo nyingi za Ulaya na Marekani utazikuta mtandaoni zimeandikwa uzi kwa uzi. Za Mbaraka Mwinshehe wa Tanzania au bendi ya TPOK Jazz ya Kongo ni nadra. Hizi hukopiwa kwa sikio, na siku hizi sikio lina msaidizi ambaye wapigaji wa enzi za kaseti hawakuwa naye.

Mimi natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, maana ni ya bure na haihitaji kompyuta ya bei mbaya. Wengi wakishaifungua hukimbilia kupunguza kasi. Subiri kidogo. Kinachowashinda watu kwenye rumba mara nyingi si kasi, ila ni kwamba kile wanachokisikia kama gitaa moja ni magitaa mawili au matatu yanayopokezana: solo, rithimu, na katikati yao lile ambalo Wakongo huliita mi-solo. Ukitaka kuyapiga yote kwa mikono yako miwili, utakata tamaa na kujiona huna kipaji, kumbe unafanya kazi ya watu watatu.

Kwa hiyo tenganisha kwanza. Kwenye rekodi nyingi za stereo za miaka ya 1970 na 1980, gitaa moja limesogezwa kushoto na jingine kulia. Gawa stereo hiyo iwe njia mbili za mono, kisha zima moja. Msongamano wote unafunguka, na mara nyingi kinachobaki ni kifungu kifupi cha noti chache kinachojirudia, ambacho hata mwanafunzi anakiweza. Kama rekodi ni mono, yaani kushoto na kulia unasikia kitu kile kile, njia hii haisaidii. Hapo mimi hukata sauti za chini kwa kichujio ili besi na ngoma kubwa zipungue, halafu nachagua gitaa moja na kulifuata hilo tu. Zipo pia programu za akili mnemba zinazotenga waimbaji, ngoma na besi. Ni nzuri, ila mara nyingi magitaa yote huyaacha fungu moja, kwa hiyo kazi ya kuyatofautisha inabaki kwako.

Jambo la pili ni sauti ya rekodi, yaani noti zake zimepanda au kushuka kiasi gani (pitch), si ukubwa wa sauti. Kanda na sahani za santuri hazikuzunguka kwa kasi moja kila mahali, na tofauti ya kasi ya asilimia 6 tu inapandisha au kushusha wimbo mzima kwa karibu nusu toni. Ndiyo maana unatyuni gitaa lako sawasawa na bado halikubaliani na rekodi. Usihangaike na nyuzi zako. Badilisha sauti ya rekodi ndani ya programu, hata kwa sehemu ndogo ya nusu toni, mpaka noti ya besi inayosikika vizuri ikubaliane na gitaa lako.

Sasa ndipo upunguze kasi. Tumia chaguo la kubadili tempo, si lile la kubadili spidi, kwa sababu spidi hushusha na sauti pia. Asilimia 70 inanitosha karibu kila wakati. Ukishuka chini ya 50 noti zinaanza kutetemeka na kupakana, hasa kama faili ni MP3 iliyobanwa sana. Tafuta nakala bora kadiri unavyoweza.

Chagua kipande kifupi, kiache kijirudie, na uweke gitaa kando. Kiimbe. Nasisitiza hili kuliko yote niliyoandika hapa: kifungu usichoweza kukiimba hujakisikia bado, na vidole vitakuwa vinabahatisha.

Ukishakiimba, kitafute kwenye shingo ya gitaa. Noti ile ile ya E utaikuta uzi wa kwanza ukiwa wazi, uzi wa pili kwenye freti ya 5, na wa tatu kwenye freti ya 9. Ipi aliyoipiga mpigaji wa kwenye rekodi? Uzi ulio wazi hulia na kuendelea kulia. Uzi mnene zaidi huwa na sauti ya mviringo. Kisha jaribu kwa kasi yake halisi. Wapiga solo wa rumba hucheza usiku kucha, hawajitesi. Kama mkono wako unarukaruka, hapo ulipo si pale alipokuwa yeye. Kuna na vifungu visivyopatikana popote kwa tyuni ya kawaida, na hapo fikiria mi-composé, ambapo uzi wa nne hutolewa na kuwekwa mwembamba unaolia oktava moja juu.

Mwisho jirekodi kwenye njia mpya ndani ya programu hiyo hiyo, wewe upande mmoja, yeye upande wa pili, na usikilize mnapoachana. Utakuta noti zako ni sahihi lakini zinawahi. Mkishakwenda pamoja, zima upande wa solo na upige wewe mahali pake, bendi nzima ikiwa nyuma yako. Halafu geuza: rudisha solo, zima rithimu, na uanze kuikopi hiyo. Wengi huiruka, ilhali ndiyo itakayokuonyesha kwa nini solo liliacha nafasi pale lilipoiacha.