F ya Fizikia haijakufungia mlango wa chuo

Mdogo wangu, umesema ulichagua Fizikia mwenyewe, ukapata F kidato cha nne, na sasa unaona chuo basi tena. Pole sana, ila usikate tamaa.

Divisheni, yaani daraja la matokeo yako, hupigwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Kama ulifanya tisa, F hiyo huenda haijahesabiwa kabisa. Cha maana ni tahasusi, yaani masomo matatu utakayosoma kidato cha tano na sita: unataka HKL, basi tazama Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mimi nilikuwa na D ya Kemia, cheti nilikikunja nikakificha chini ya godoro kule Mbagala. Nikasoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nikaingia chuo, na ile D haikuniziba njia.

Chuo kitaangalia zaidi kidato cha sita: masomo mawili ya tahasusi, jumla pointi zisizopungua 4 (A ni 5, E ni 1). Ila kozi nyingine huchungulia pia cheti cha kidato cha nne, hasa Hisabati na Kiingereza. Soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) mwenyewe, usimwachie kijana wa steshenari.

Ukiwaza udaktari au uhandisi, hapo F inauma kweli. Muone mwalimu wa taaluma kwanza, kisha urudie Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea.