Wasia wa mali hautoshi dada

Umeuliza kama wasia wa mali alioandika mzee unatosha pia kwa maamuzi ya matibabu yake akizidiwa. Hapana dada, huo unafanya kazi mtu akishafariki, hapa tunaongelea wakati bado yu hai ila hawezi kusema. Aandike sasa hivi akili ikiwa timamu, nani amsemee akipoteza fahamu, na vitu kama mashine ya kupumulia, mpira wa kulishia, kushtuliwa moyo ukisimama, anataka au hataki na kwa hali gani, maana mtu anaweza kukubali mashine siku chache za nimonia lakini asitake kuishi nayo miaka bila kuamka. Sisi kwa baba hatukuwa na chochote, tukabaki koridoni na kaka yangu tunabishana huku daktari kashika fomu anasubiri, mpaka leo inaniuma. Na msemaji si lazima awe mtoto mkubwa, achague atakayesimamia alichotaka mzee hata kama yeye angependa vingine. Kopi ya maandishi hayo wapewe msemaji huyo pamoja na daktari, isifungiwe kabatini. Akibadili mawazo anaandika upya tu. Mambo ya mashahidi na sahihi kila nchi na sheria yake, ulizieni kabla hajasaini.