Panya Buku Hazaliani kwa Haraka: Ushauri kwa Anayetaka Kumfuga

Tangu panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waanze kujulikana duniani, na hasa baada ya mmoja wao, Magawa, kutunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake ya kunusa mabomu ya ardhini nchini Kambodia, watu wengi wamekuwa wakiniuliza jinsi ya kuwafuga na kuwazalisha. Wengi wao huamini kwamba dume na jike wakiwekwa pamoja, baada ya miezi michache kizimba kitajaa. Nimewahudumia wanyama hawa kwa miaka mingi, na jibu langu la kwanza huwa lile lile: panya buku huzaa polepole, na anayeamua lini atazaa ni jike mwenyewe.

Mnyama huyu akikomaa huwa na uzito wa kilo moja hadi moja na nusu, na urefu wake pamoja na mkia unaweza kukaribia sentimita 90. Mimba huchukua takriban mwezi mmoja, na uzao mmoja kwa kawaida hauzidi watoto wanne au watano; mara nyingine huzaliwa mmoja tu. Akitunzwa vizuri huishi hadi miaka minane. Kwa hiyo anayetafuta kitoweo kingi kwa muda mfupi namshauri afuge sungura. Pia ahakikishe kwamba mnyama anayeuziwa si ndezi, kwa maana ndezi hula majani na ana manyoya magumu kama miiba, ilhali buku ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula na mkia usio na manyoya ambao sehemu yake ya mwisho ni nyeupe.

Kabla ya kununua hata mmoja, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako. Buku ni mnyamapori, na nchini Tanzania ukamataji na ufugaji wa wanyamapori unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kibali kipatikane kwanza, ndipo seremala na fundi wa vyuma waitwe.

Kuhusu kizimba, usitumie mbao wala wavu mwembamba wa kuku. Meno ya mbele ya buku hukua maisha yake yote, naye hutafuna usiku kucha ili kuyapunguza, hivyo mbao hazidumu. Wavu mzito wa chuma juu ya sakafu ya saruji hufaa zaidi, pamoja na vipande vya mti mgumu anavyoruhusiwa kutafuna. Ndani weka chungu kikubwa cha udongo, kilicholazwa ubavu, pamoja na maranda au nyasi kavu. Porini buku hulala shimoni mchana kutwa, na akikosa mahali penye giza pa kujificha huwa na hofu isiyokwisha, na jike mwenye hofu hazai. Jua kali pia halimfai: masikio na mkia wake huungua upesi.

Sasa nije kwenye uzazi wenyewe, ambako ndiko wafugaji wengi hukata tamaa. Porini buku wazima huishi peke yao, kila mmoja katika shimo lake, na mgeni hupokelewa kwa meno. Usimtupe dume ndani ya kizimba cha jike na kuondoka. Mimi huviweka vizimba viwili jirani kwa muda, kisha hubadilishana matandiko yao ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake, na siku ya kuwakutanisha huwakutanisha jioni, katika nafasi ambayo jike haioni kuwa makao yake, nami hukaa hapo nikiwa nimevaa glavu nene. Wakinusana kwa utulivu, waachwe. Jike akisimama na kupiga kelele za ukali, watenganishwe mara moja na wajaribiwe siku nyingine.

Hata hivyo, wako majike wanaokaa na dume kwa amani na bado hawapati mimba. Uchunguzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani umesaidia kueleza jambo hilo: baadhi ya majike hubaki na uke uliofungwa kwa ngozi hata baada ya kuwa wazima, na wakati huo dume hawezi kuwapanda. Hali hiyo inaweza kubadilika, jike aliyekuwa amefungwa akafunguka. Ninawaomba wafugaji walielewe hili, kwa sababu nimeona majike wenye afya njema wakichinjwa kwa tuhuma ya ugumba. Mkague jike kabla ya kumkutanisha na dume. Ikiwa bado amefungwa, msubiri, na usimrundike pamoja na majike wengine katika nafasi finyu.

Jike akishaonyesha mimba, muondoe dume. Watoto huzaliwa uchi na vipofu, na macho yao hufunguka baada ya wiki tatu hivi. Katika siku za mwanzo usiguse kiota wala usibadilishe matandiko, na usiruhusu wageni kuja kutazama, kwani mama aliyesumbuliwa anaweza kuwala wanawe. Macho yakishafunguka, hali inageuka kabisa: huo ndio wakati wa kuwashika watoto kila siku, kuwabeba, kuwazoesha sauti za watu na mwanga. Wale wa APOPO nao huzoeshwa watu tangu wakiwa wadogo, kabla ya mafunzo yao ya miezi takriban tisa. Buku aliyekosa mkono wa mtu katika umri huo nimeona akibaki mkali hadi uzeeni, na meno yake hufika mfupani.

Chakula si tatizo kubwa: mahindi, karanga, viazi vitamu, ndizi, mboga, na dagaa wakavu kwa ajili ya protini. Jihadhari tu na karanga na mahindi yaliyoota ukungu, kwa sababu ya sumukuvu. Kwa vile buku huficha akiba kiotani, kagua chungu mara kwa mara uondoe kinachooza, isipokuwa pale penye watoto wachanga.

Magonjwa nayasisitiza zaidi, kwa kuwa yanamhusu mfugaji na familia yake. Buku wa Morogoro wamewahi kukutwa na bakteria wa leptospirosisi (homa ya mgunda), ambao hutoka kupitia mkojo. Mwaka 2003 buku walioingizwa Marekani kutoka Ghana walikuwa miongoni mwa wanyama waliohusishwa na mlipuko wa ugonjwa wa mpox uliofikia watu 47, baada ya wanyama wengine wa kufugwa waliowekwa karibu nao kuambukizwa kwanza. Kwa hiyo buku aliyetoka porini atengwe, akaguliwe na daktari wa mifugo, na asikae jirani na kuku, sungura wala mbwa. Kizimba kisafishwe kwa glavu na buti, na watoto wa nyumbani wasikifanyie usafi.

Watoto wa buku wakishaachishwa kunyonya, watenganishe madume na majike kabla ya miezi mitano, la sivyo ndugu watapandana. Panga mapema nani atawachukua wanaozidi, na kama anacho kibali. Kuwaachia porini kusifikiriwe: katika kisiwa cha Grassy Key, Florida, buku waliotoka mikononi mwa mfugaji walizaliana hadi mamlaka zikalazimika kuwawinda kwa miaka mingi. Kwetu ni mnyama wa asili, lakini aliyelelewa na watu haogopi nyumba, na kituo chake cha kwanza kitakuwa ghala la jirani. Usipopata wa kuwachukua, usimkutanishe jike na dume msimu huo.